Taa Zilikuwa Zinawaka

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Taratibu, nalo likamganda mpaka watu wazima wakasahau kama ana jingine. Aliendesha basi lao dogo kana kwamba amepakia mayai. Wenye haraka walimpigia honi, wakampita, wakamtolea maneno yasiyosemeka mbele ya watoto, naye akawajibu kwa kuinua kiganja tu. Kwenye kila kituo alifanya mambo yaleyale: anaegesha kando, anavuta breki ya mkono, anabonyeza swichi ya taa nyekundu za nyuma zinazomwonya anayekuja kwamba watoto wanashuka, anatazama kioo, kisha ndipo anafungua mlango. Alikuwa akisema mkono wake unaijua ile swichi kuliko unavyokijua kijiko.

Mchana mmoja wa jua kali, msichana wa darasa la nne alishuka, akazunguka nyuma ya basi ili avuke, na pikipiki iliyokuwa ikija mbio ikamzoa. Taratibu aliruka nje, akapiga magoti kwenye lami, akamshikilia yule mtoto kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Katika vurugu zile mpita njia mmoja mwenye nia njema aliingia ndani ya basi akazima kila kitu, injini, redio na swichi zote, kwa kuogopa moto. Mwenye pikipiki alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara akirudia maneno yaleyale.

"Taa hazikuwaka. Ningeona taa ningesimama."

"Zilikuwa zinawaka," Taratibu alimwambia, na wala hakupandisha sauti. Alijua alichokifanya.

Kampuni ya mabasi iliita kikao. Walikuwapo meneja, mama wa yule msichana ambaye ni mshonaji wa nguo, Taratibu mwenyewe, na Fundi Macho. Huyu Fundi Macho aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa ametundika kamera za ulinzi kwenye mageti, pembe za majengo na maduka ya nusu ya mji. Kamera iliyonasa ajali, iliyokuwa juu ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, aliifunga yeye. Zaidi ya hayo alikuwa kaka mkubwa wa mkewe Taratibu. Taratibu alipomwona anaingia na kompyuta yake kwapani, moyo wake ulitulia.

"Afadhali umekuja wewe, shemeji," alimnong'oneza.

Macho alimgusa bega, akaenda kuketi upande wa meneja.

Video ikawashwa. Basi linasimama. Mlango unafunguka. Watoto wanashuka, mikoba inaning'inia. Na nyuma ya basi, pale penye taa mbili nyekundu, pamefifia kabisa, kama macho ya kipofu. Meneja aliirudisha mwanzo, wakatazama tena. Giza lilelile.

"Nilibonyeza," Taratibu alisema. "Nakuapia, bosi, nilibonyeza."

Meneja alimgeukia Macho. "Fundi, wewe ndiye mtaalamu hapa. Kamera hii inaweza kukosea?"

Macho alivua kofia, akapangusa uso, akaitazama meza.

"Kamera haina upendeleo," alisema. "Inaandika kilicho mbele yake. Taa ingekuwa inawaka, tungeiona."

"Na huyu ni shemeji yako."

"Ni shemeji yangu."

"Basi," meneja alisema akifunga faili, "kama shemeji mtu anasema hivyo, sisi wengine ni nani tubishe?"

Mshonaji alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akasimama mbele ya Taratibu. "Mwanangu alikuwa anakuamini kuliko anavyoniamini mimi," alisema. "Nikimwambia vaa sweta hasikii, wewe ukimwambia anasikia." Akatoka. Taratibu aliona bora angetukanwa.

Akafukuzwa kazi siku ileile. Walipotoka nje Macho alimwekea mkono begani, wakatembea pamoja hadi getini.

"Nisingeweza kudanganya, shemeji. Unanielewa?"

"Nakuelewa," Taratibu alisema. Na la ajabu ni kwamba alimaanisha. Alimheshimu zaidi tangu siku ile. Alijisemea moyoni: huyu ni mtu wa haki, hata jamaa yake hampendelei.

Maji yalimfika shingoni. Dereva aliyefukuzwa kwa kuvunja mguu wa mtoto haajiriwi na mwenye akili timamu. Macho hakuwatupa. Alikuja karibu kila mwisho wa juma na unga, sukari na mafuta ya kupikia, akamnunulia dawa mama yao, yaani mama mkwe wa Taratibu, aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha ndani. Watoto walimkimbilia mlangoni. "Mjomba! Mjomba!" Taratibu aliwaambia mbele yake: "Mshukuruni mjomba wenu. Watu kama hawa hawazaliwi mara mbili." Na kampuni ilipoamua kufunga kamera ndani ya mabasi yake yote, na kazi ikamwangukia Macho, Taratibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa hongera.

Lakini kitu kilianza kumla ndani kwa ndani. Alianza kuutilia shaka mkono wake. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, anafumba macho, anaegesha basi lisilokuwapo, anavuta breki isiyokuwapo, kisha kidole chake kinabonyeza hewa. Nilibonyeza? Au nilibonyeza jana yake, na juzi yake, ndiyo maana nadhani na siku ile nilibonyeza? Mkewe alimkuta katika hali hiyo zaidi ya mara moja. Alikuwa akimshika kile kidole, anakikunja, anakirudisha pajani.

"Labda ulisahau, baba watoto," alimwambia kwa upole. "Binadamu husahau. Usijiue."

Mwishowe alikubali. Akasema labda nilisahau. Akawa mtu aliyevunja mguu wa mtoto.

Kazi aliipata mahali ambapo hakutarajia. Kulikuwa na mama mmoja aliyefundisha vijana kupiga picha za video, katika ukumbi wa kukodi wenye mapazia meusi na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe ili watu wasijikwae. Kila mtu alimwita Mwalimu. Alihitaji mtu wa kuendesha gari lake la vifaa, kupakia na kupakua. Taratibu alimweleza habari ya ajali kabla hajaulizwa. Mwalimu alimsikiliza, akamtazama, akasema, "Hapa tunabeba vyuma na taa, hatubebi watoto. Kesho njoo mapema."

Akawa anakunja nyaya nyuma ya darasa huku masikio yakiwa mbele. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno makubwa.

"Kwanza mwelewe hili," alikuwa akisema. "Hakuna kitu kinachoitwa picha inayotembea. Kuna picha zilizotulia, nyingi, zinapita upesi kama karata mkononi mwa mchezaji. Kila moja ni fremu. Mkiweka kamera fremu ishirini na tano, maana yake kwa kila sekunde inapiga picha ishirini na tano. Sawa? Sasa shata ni nini?"

"Ni mlango, Mwalimu," alijibu kijana mmoja waliyempa jina la Profesa kwa sababu alijibu hata maswali asiyoulizwa.

"Ni kope. Kwa kila fremu kamera inafumbua jicho na kulifumba. Gizani inakaa imefumbua kwa muda. Juani inapepesa tu mara moja, upesi sana, mwanga usije ukaunguza picha."

Taratibu aliyapenda mambo yale. Yalimpa kitu cha kufikiria badala ya ile swichi. Alijifunza kwamba vile vidoti vinavyocheza kwenye video iliyopigwa gizani, zile chenga, ni kamera inayolazimishwa kuona kuliko uwezo wake. Alijifunza kwamba ukizungusha kamera kwa haraka, nguzo zinalala kama zimelewa, kwa sababu kamera nyingi huisoma picha mstari kwa mstari kuanzia juu, na ikifika chini nguzo imeshahama. Video iliyobanwa mno ili ipite kwenye simu hugawanyika vipande vipande kama sakafu ya vigae. Siku moja Profesa alileta video ya harusi ambayo shati la bwana harusi, la mistari myembamba, lilikuwa likichezacheza mawimbi yenyewe.

"Bwana harusi kavamiwa na siafu," Taratibu alisema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka, na Mwalimu akacheka zaidi yao. Ndipo akawaeleza kwamba mistari ya shati na mistari ya vidoti vya kamera ilikuwa inagombania nafasi. Akamalizia kwa jambo aliloliita somo lake moja tu, mengine yote matawi: "Kamera haioni kama wewe. Ikikuonyesha jambo geni, kabla ya kuamini, inua macho utazame kitu chenyewe."

Wakati huo Taratibu aliyasikia maneno hayo kama watu wanavyosikia methali.

Halafu ikaja siku ya mazoezi ya nje. Jua lilikuwa la utosi. Wanafunzi walipanga kamera mbele ya duka la simu lenye bango la taa juu ya mlango. Taratibu alikuwa ameshika ule ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Profesa akaguna.

"Mwalimu, tuhamie kwingine. Bango hili limeungua."

"Limeungua wapi?"

"Hili hapa." Akamwonyesha kioo cha kamera. Bango lilikuwa jeusi.

"Inua macho."

Profesa aliinua macho. Bango lilikuwa linawaka, jekundu na kijani, linakera macho hata katika jua lile. Akatazama kioo tena: jeusi. Wenzake wakaanza kumzomea.

"Msimcheke, wengi wameumbuka hapa," Mwalimu alisema. "Taa hizi za kisasa haziwaki mfululizo. Zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, upesi mno, macho yetu yanaunganisha tunaona mwanga mmoja. Sasa kamera juani inapepesa tu. Ikifumbua jicho taa ikiwa imezima, na fremu inayofuata ikifumbua tena taa ikiwa imezima, na inayofuata hivyohivyo, basi kwenye video yako taa imekufa. Nje inawaka kama kawaida."

Ubao mweupe ulianguka chini. Watu wote wakageuka.

"Mwalimu," Taratibu alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Hata taa za gari?"

"Hasa za gari. Zile za zamani za waya ndani ya balbu hapana, hazina tabia hiyo. Lakini hizi za sasa, ndiyo, kila siku."

Taa za nyuma za basi lake zilikuwa zimebadilishwa mwaka uleule, kabla ya ajali, zikafungwa hizi za kisasa. Alikuwapo gereji fundi alipozifunga. Alizisifu kwa ukali wake.

"Na mtu anayefunga kamera za ulinzi, anaweza asilijue jambo hili?"

Mwalimu alifikiri. "Hilo ndilo lalamiko la kwanza la kila mteja. Fundi wa kamera asiyelijua ni sawa na muuza samaki asiyejua harufu ya samaki aliyeoza."

Taratibu aliinama. Aliuokota ubao, akaushika mpaka zoezi likaisha, lakini mwanga wake ulikuwa unaenda kila mahali isipokuwa pale ulipotakiwa.

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Njia nzima alikuwa akimtetea Macho. Labda hakujua. Labda alijua akapitiwa. Mtu huweza kupitiwa mbele ya wakubwa. Alijipa labda nyingi, akazipanga kama mtu anayejenga ukuta kwa matofali mabichi.

Mwenye duka alikuwa mzee mchangamfu, amezungukwa na ndoo za misumari. Alimkumbuka.

"Dereva! Yule mtoto anaendeleaje?"

"Anatembea, nasikia. Mzee, naomba nitazame kamera yako kidogo. Kama ilivyo sasa hivi."

Mzee alimgeuzia kioo kilichokuwa juu ya kaunta. Taratibu aliona barabara, mfereji, na ng'ambo duka la dawa lenye msalaba mkubwa ukutani. Msalaba ulikuwa mweusi. Akainua macho akatazama nje mlangoni. Msalaba ulikuwa unawaka kijani.

Mzee aliona anachotazama, akacheka. "Na wewe umeliona! Mimi nilimgombeza shemeji yako kwa sababu ya msalaba huo. Nilimwambia umenifungia kamera kipofu. Akanicheka, akakaa hapohapo ulipo akanieleza habari za kupepesa sijui na mapigo ya taa. Akasema, mzee, taa ni nzima na kamera ni nzima, mapigo yake tu ndiyo hayapatani."

"Alikwambia lini?"

"Siku alipoifunga."

"Kabla ya ajali?"

"Kabla, mbona! Ajali ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kikubwa kamera hii kunasa." Mzee aliacha kucheka. "Kwani vipi, mwanangu? Kaa kidogo. Mbona umekuwa hivyo?"

Hakukaa. Ukuta wake wa labda ulikuwa umelala chini.

Macho alikuwa kwenye yadi ya kampuni, ndani ya basi, kwenye kiti cha dereva, akikaza kamera ndogo juu ya kioo cha mbele. Taratibu alisimama kwenye ngazi ya mlango.

"Shemeji! Pita, pita uone kazi," Macho alisema bila kugeuka.

"Msalaba wa duka la dawa."

Bisibisi ilisimama.

"Msalaba gani?"

"Ule usioonekana kwenye kamera ya mzee wa misumari. Uliomweleza ukamalizana naye. Mimi hukunieleza."

Macho alishusha mikono. 

"Nani amekufundisha mambo haya?"

"Ulijua siku ile?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Nilijua," Macho alisema. "Nilijua video ilipowashwa tu. Hata kabla hujaapa." Akageuka sasa. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubeba kitu. "Nisikilize. Meneja alikuwa ameshaniambia wanafikiria kufunga kamera mabasi yote. Halafu ananiuliza mbele ya watu, kamera inaweza kukosea? Ningesema nini? Niseme ndiyo, hukosea, halafu kesho nije kumwuzia? Nilikuwa na siku moja ya kutoka kwenye kutundika vikamera vya vibanda. Moja. Nikasema wewe ni dereva mzuri, utapata kazi nyingine. Nikasema nitawabeba mpaka usimame. Na sikuwabeba? Nani alikuwa analeta unga pale?"

"Uliniletea unga nikakushukuru," Taratibu alisema. "Niliwasimamisha wanangu wakakushukuru. Uliwatazama machoni."

"Ningekwambia. Siku moja ningekwambia."

"Nilikuwa nimeanza kuamini nilisahau, Macho." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila ushemeji. "Nilikuwa naamka nao mguu wa yule mtoto, nalala nao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajihukumu. Wewe ulikuwa na neno moja tu mdomoni la kuniondolea, ukala nalo nyumbani kwangu, kwenye sahani zangu."

Macho aliiweka bisibisi juu ya dashibodi.

"Leo dada yako atajua wewe ni mtu wa namna gani."

Hapo Macho alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Zungumza naye polepole." Taratibu alidhani anamwogopea dada yake kwa mshtuko.

Alimkuta mkewe sebuleni, amezungukwa na nguo zilizoanuliwa, anakunja. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umerudishwa. Mama huyo alikuwa amelala. Taratibu alimweleza yote akiwa amesimama: bango, shata, taa za kisasa, msalaba, mzee wa misumari, yadi. Maneno yalimtoka yakisukumana. Alipofika kwenye "nilijua", alisita, akimsubiri mkewe apige kelele, ajishike kichwa, aseme hapana, si kaka yangu, umesikia vibaya.

Mkewe alikunja mkono mmoja wa shati la shule. Akakunja wa pili. Akalikunja shati kati. Akaliweka juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja.



"Unajua," Taratibu alisema. Hakuwa akiuliza.

"Aliniambia baada ya wewe kufukuzwa. Alilia, hapo ulipo." Bado alikuwa akilitazama shati. "Nilitaka kukwambia. Kila siku nilisema leo. Kisha nikawa namfikiria mama, dawa zake, nikawa nafikiria utakavyolipuka, kaka naye akose kazi, tubaki nyumba mbili hatuna pa kushika. Nikasema yaliyopita yamepita. Yule ni kaka yangu, baba watoto. Damu nzito."

"Na mimi ni nini? Maji?"

"Sikusema hivyo."

"Ulikuwa unaniona nikibonyeza hewa." Alikiinua kile kidole.  "Pale kitandani. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Ukawa unanikunja kidole unaniambia labda nilisahau."

Mkewe aliketi ghafla juu ya nguo alizokwisha kukunja. "Nilisema ili upate usingizi," alisema. Ndipo akaanza kulia. Taratibu alimtazama akilia, akatafuta ndani yake ile huruma iliyokuwa ikimjia yenyewe siku zote mwanamke huyu alipolia, asiione. Macho alikuwa amemuuza kwa biashara, na biashara mtu anaielewa hata akiichukia. Lakini huyu alikuwa ameyaona majeraha kwa karibu, usiku na mchana, akayafunga kwa kitambaa chenye pilipili.

Alitoka akaketi kwenye ngazi ya nje mpaka watoto waliporudi shuleni wakamruka kuingia ndani.

Mwalimu ndiye aliyemsindikiza kwa meneja. Hakuna aliyepiga meza wala kutoa hotuba. Waliomba video ileile iwashwe, wakaonyesha msalaba wa duka la dawa ukiwa mweusi pembeni mwa basi, katika fremu zilezile. Meneja akapiga simu kwa mwenye duka la dawa, akaambiwa msalaba ule haujazimwa tangu utundikwe. Akapiga nyingine gereji, wakamthibitishia aina ya taa. Akakaa akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo hatuwezi kusema zilikuwa hazijawaka," alisema.

"Mlisema," Mwalimu alimjibu.

Baada ya siku chache kampuni ilimsafisha jina na kumwita arudi kazini. Macho hawakumgusa, kamera zilikuwa zimeshafungwa nusu ya mabasi na hakuna aliyetaka kuanza upya. Meneja alimwambia Taratibu, kana kwamba anampa zawadi, kwamba safari hii atakuwa na ushahidi wake mwenyewe juu ya kichwa, usiku na mchana. Taratibu aliitazama ile kamera juu ya kioo, imekazwa vizuri, kazi safi. Akashukuru, akakataa. Alirudi kukunja nyaya, na Mwalimu akamkabidhi kamera ya kwanza ya kushika kwa mkono wake.

Palikuwa bado na mtu mmoja. Alikwenda kwa mshonaji siku ya mapumziko, akiwa na simu na kitaa cha baiskeli. Mama yule alisimamisha cherehani alipomwona, mguu ukabaki juu ya kanyagio. Taratibu hakuanza kwa kujitetea. Alisogea mlangoni penye jua, akakiwasha kile kitaa, akaomba aangalie kwanza kwa macho, kisha kwenye simu. Alikuwa ameshajifunza kuipanga simu ipepese upesi. Mshonaji akatazama kitaa. Akatazama simu. Akarudia, akakishika kitaa mwenyewe akakigeuza huku na huku.

"Kinawaka," alisema.

"Kinawaka."

"Na huku hakiwaki."

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile, mama."

Msichana alikuwa ametoka chumba cha pili, anachechemea kidogo, akasimama akiegemea ukuta. "Mimi nilisema," alisema. "Niliziona zinawaka. Nilimwambia daktari na nikakwambia na wewe, mama. Ukasema nimegonga kichwa."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Akamtazama mwanawe, kisha Taratibu, kisha mwanawe.

"Nimemlaani mtu asiye na kosa," alisema mwishowe. "Kila nilipomfunga bandeji nilikulaani. Sasa hizo laana nizipeleke wapi?"

Taratibu alikizima kitaa. Msichana ndiye aliyemwuliza kama basi lake jipya ni la rangi gani, naye akamwambia hana basi tena, sasa anapiga video. Msichana akataka kujua kama anaweza kupigwa yeye akitembea, aone mwendo wake ulivyo. Wakatoka nje, akampiga.

Nyumbani hawakuachana. Watu waliotarajia zogo walisubiri wakachoka. Macho haji tena. Dawa za mama mkwe dada yake huenda kuzichukua kwake, na Taratibu haulizi zimetoka wapi wala hazuii, maana mama huyo hana kosa. Wanakula pamoja kwa ajili ya watoto. Wanazungumza juu ya ada, maji, mlango unaokwaruza. Taratibu hulala sebuleni.

Asubuhi moja, alipokuwa akivaa viatu, mkewe alikuja akasimama mbele yake.

"Utanisamehe lini?"

Taratibu alifunga kamba ya kiatu cha pili kabla ya kumjibu.

"Sijui," alisema. "Nikijua nitakwambia. Sitakuficha."

Mkewe aliinamisha kichwa. Nje, gari la vifaa lilikuwa linahitaji kupashwa moto kabla ya safari, na Mwalimu hapendi kuchelewa. Taratibu akachukua funguo, akatoka.